Bi Tumu na Dari ya Sultani

Palikuwa na Sultani aliyeitwa Badi, bwana mwenye kitambi cha kutosha watu wawili. Alikuwa akiujengea mji ukumbi wa baraza, na baada yake soko na forodha. Boriti zilikwisha pandishwa, mawe na chokaa vimemwagwa juu. Ikabaki kuipiga dari kwa virungu vya mti, siku saba, mpaka ishikane.

Wapigaji walikuwa arubaini, na kiongozi wao Bi Tumu, mjane mwembamba mwenye ulimi wa pilipili. Walipiga kwa wimbo. Wimbo wenyewe, Mungu awasamehe, ulikihusu kitambi.

Siku ya tatu Sultani akausikia. Akaamuru: wimbo marufuku, na chakula cha mchana hakuna tena. Wapigaji wakaweka virungu chini. Bi Tumu akaitwa.

"Mmegoma?"

"Tumekaa, Maulana. Njaa ndiyo iliyotukalisha."

"Mimi nimeajiri mikono. Kinywa kina kazi gani juu ya dari yangu?"

"Kinaimba, mikono ishuke pamoja."

"Kinanitukana!"

"Hatukutaja jina, Maulana. Umejuaje kuwa ni wewe?"

Askari mmoja akageukia ukutani, mabega yanatikisika kwa kicheko.

"Kimya! Kinywa hakina kazi, kwa hiyo hakina chakula. Asiyetaka, gereza lina nafasi."

Bi Tumu akawafikiria wenzake, wengi wana watoto wanaonyonya. Hasira ikampanda, akaimeza.

"Mikono tu, Maulana? Ndilo neno lako la mwisho?"

"La mwisho."

"Tumesikia."

Wakarudi juu. Siku nne wakapiga kwa njaa, kimya, wakihesabu mapigo kwa kisigino. Sultani akajiona hodari kweli kweli. Akaalika wakubwa wa miji minne waje kuufungua ukumbi.

Sasa, katika mji ule kulikuwa na desturi: hakuna anayepita chini ya dari mpya mpaka kiongozi wa wapigaji asimame mlangoni atangaze, "Imeshika!" Hata kuku walifukuzwa.

Siku ya tisa wageni wakafika. Jua la saa sita, vilemba vizito, jasho linachuruzika. Bi Tumu yuko mlangoni, wenzake nyuma yake.

"Haya, bibi, tangaza," akasema Sultani.

Bi Tumu akainama kwa adabu. Akanyoosha mikono yake miwili, akaigeuza huku na huku, kama muuza samaki anayeonyesha kuwa samaki wamekwisha.

"Dari imeshika au haijashika?"

Mikono.

Mgeni mmoja akarudi nyuma hatua tatu. Mwingine akachungulia boriti, akamwita mpagazi wake.

"Sema, mama! Unaniaibisha!"

Bi Tumu akagusa midomo yake, kisha tumbo lake. Kisha akaelekeza kidole kule soko na forodha vitakapojengwa.

Sultani akawatazama wageni. Akalitazama jua.

"Haya! Chakula cha mchana, hapa na huko! Wageni hawa ni mashahidi!"

Bi Tumu akatikisa kichwa. Taratibu, akachora kwa mkono kitambi kikubwa hewani.

"Na wimbo!" akafoka Sultani. "Hata huo!"

"Imeshika!" Bi Tumu akatangaza, sauti ikafika mpaka pwani. "Karibuni ndani, mabwana."

Sultani akafuta jasho. "Imeshika sasa hivi?"

"Tangu juzi, Maulana. Lakini juzi ulikuwa umeajiri mikono tu."