Ndiyo Ishirini

Mtu mmoja alikuwa na jarida dogo la wakulima, na jina lake Erasto Kibiki. Jarida liliitwa Jembe Jipya. Lilitoka mara moja kwa mwezi, na watu wa mji ule ulio kando ya reli walilisoma hadi kurasa zikachakaa, kisha wakafungia maandazi. Alikuwa na vyumba viwili juu ya duka la vifaa vya ujenzi, kompyuta nne, wafanyakazi watano, na kalamu nzuri. Hiyo kalamu ndiyo iliyomponza, kwa hiyo niiseme mapema. Kila mwezi Erasto aliandika tahariri, na tahariri, kwa mnaoijua kazi hiyo, aghalabu haisemi mambo yalivyo. Husema yanavyopasa kuwa. Kwa miaka kumi na minane mkono wake ulizoea kuandika yanayopasa, mpaka ukasahau kwamba kuna uandishi mwingine.

Ikatoka sheria kwamba kila anayetunza habari za watu azilinde. Majina, namba za simu, anwani, barua, vyote viwekwe mahali ambapo wezi wa mtandaoni hawavifikii. Wachapishaji wadogo wa mji ule walikuwa kumi na wawili, nao walikuwa na umoja wao. Katibu wa umoja, Bwana Mhina, akawagawia fomu yenye maswali ishirini. Akasema zikirudi atazilinganisha, aone nani yuko hatarini na nani ametimiza sheria, kisha apeleke ripoti serikalini. Je, kila mfanyakazi ana neno lake la siri? Je, anayeacha kazi hufungiwa njia siku hiyo hiyo? Je, barua za wasomaji zina nakala ya akiba mahali pengine palipo salama? Yalikuwa maswali ya namna hiyo, ya ndiyo au hapana, na chini ya kila moja nafasi ya maelezo.

Erasto akaketi na fomu ile asubuhi ya Jumanne, chai pembeni. Sitaki mseme alikuwa mwongo. Mwongo hujua kwamba anadanganya. Yeye alisoma swali la kwanza, akaona kwa kweli inafaa kila mfanyakazi awe na neno lake la siri, akaandika ndiyo. Akasoma la pili, akaona ni jambo la busara, akaandika ndiyo. Kwenye maelezo akatia sentensi za kupendeza, vituo vyote mahali pake. Na hatua mbili kutoka kiti chake palikuwa na karatasi iliyobandikwa pembeni mwa kioo cha kompyuta, yenye neno moja la siri lililotumiwa na ofisi nzima, ambalo hata mpiga picha aliyeondoka mwaka juzi kwa ugomvi alikuwa bado analijua. Erasto aliiona karatasi ile. Akajiambia ataishughulikia toleo hili likishatoka. Akaandika ndiyo ishirini, akatia sahihi.

Katika umoja huo alikuwamo pia Bi Mwanaidi Semboja, mwenye jarida la wanawake liitwalo Mkeka. Yeye alikuwa na chumba kimoja na kompyuta moja kuukuu ya kubebeka. Lakini wanawake walimwandikia. Walimwandikia mambo ambayo hawakuthubutu kumwambia mama mzazi, wala shehe, wala padri. Na kwa kuwa alikuwa na desturi ya kuwapigia simu kuwajibu, walimpa majina yao ya kweli na mahali walipo, ingawa jaridani walitokea kwa majina ya kubuni. Mmoja alitokea kama Mama wa Mlimani. Huyo alimkimbia mume aliyemvunja mkono mara mbili, akaenda kujificha kwa shangazi yake na watoto wake wawili. Katika dunia nzima ni shangazi na Bi Mwanaidi tu waliojua ni kijiji gani. Mshikeni moyoni huyo mama, maana habari hii ni yake kuliko ya wenye majarida.

Bi Mwanaidi alijaza fomu yake kwa siku tatu. Kila swali alilisoma, akainuka, akaenda kutazama kama jambo lenyewe lipo, akarudi akaandika. Akapata hapana kumi na moja, akazipeleka hivyo hivyo.

Siku ya mkutano Bwana Mhina akasoma orodha. Erasto alikuwa wa kwanza. Katibu akayasoma na maelezo yake kwa sauti, ukumbi ukapiga makofi, na wachapishaji wawili wakaomba nakala ili nao wanakili. Bi Mwanaidi alikuwa wa mwisho. "Mama yangu, wewe unatuangusha," katibu akamwambia mbele ya watu, kwa ule upole unaouma kuliko ukali. "Wakija kukukagua leo wanakufungia. Mwone Bwana Kibiki akusaidie." Mama wa watu akavuta mtandio wake, akatazama chini mpaka mkutano ulipokwisha.

Siku ya pili yake akapanda ngazi za Jembe Jipya. Akafungua fundo la khanga, akatoa flashi ndogo.

"Kaka Erasto," akasema, "hizi ni barua za wasomaji wangu za miaka sita. Kwangu hakufai, nimeambiwa hadharani. Niwekee hapa kwako mpaka nijipange."

Erasto akafungua mdomo. Ndugu zangu, hapo ndipo alipoweza kuokoka. Sentensi moja ingetosha: dada, hata kwangu hakufai. Ilikuwa sentensi fupi kuliko yoyote aliyowahi kuandika, na aliiona waziwazi imesimama mbele yake. Lakini makofi ya ukumbini yalikuwa bado masikioni. Angeonekanaje?

"Weka tu, dada," akasema. "Umefika."

Alikusudia kuitia flashi kwenye droo, aifunge kwa ufunguo na kusiwe na la zaidi. Lakini Bi Mwanaidi alikuwa ameyasikiliza maelezo yake neno kwa neno, akauliza kwa heshima kama barua hazitawekwa mahali pawili, kama alivyoandika. Erasto akamwita msanifu wake wa kurasa, Kisinza, azinakili kwenye kompyuta. Kisinza akageuza shingo kusoma neno la siri kwenye ile karatasi, na Erasto akajisogeza upesi, akaikinga kwa bega ili mgeni asiione. Sasa alikuwa mwongo, na alijua. Bi Mwanaidi akamshukuru sana, akashuka ngazi akiwa mwepesi, ametua mzigo.

Aliyebaki na mzigo hakupata raha tena. Simu ikilia, anashtuka. Mtu akipanda ngazi asiyemjua, anakwenda kuikinga ile karatasi. Chakula anakiacha, na mkewe akimwuliza ana nini, anasema ni kazi tu. Akamwita fundi wa kompyuta. Fundi akazungukazunguka, akatikisa kichwa, akasema kazi ipo, ila mashine zote zizimwe kwa wiki nzima. Wiki nzima, na toleo la msimu wa kupanda linatakiwa kiwandani likachapwe! Erasto akamwambia arudi toleo likishatoka. Toleo likatoka, na siku hiyo hiyo likaanza jingine. Fundi akapiga simu mara mbili, mara ya tatu akaacha. Aliyefanya kazi ya majarida anajua kwamba hakuna siku iitwayo baada ya toleo. Siku hiyo haipo kwenye kalenda yoyote.

Mwezi wa tatu tangu flashi iletwe, siku ya kupeleka kurasa kiwandani, ukaingia ujumbe wenye jina la kiwanda kile kile wanachochapia. Ulisema: nakala ya mwisho hii hapa, ithibitishwe kabla ya saa sita. Siku kama hiyo nani anatazama mara mbili? Kisinza, ambaye hakuwa amekaa tangu asubuhi, akaufungua. Hapakuwa na kurasa ndani yake. Kioo kikaganda. Na kwa kuwa neno la siri lilikuwa moja kwa mashine zote, kufikia saa nane kompyuta nne zilikuwa zimefungwa na watu wasiojulikana, na kila kilichokuwamo kilikuwa mikononi mwao.

Erasto akasimama katikati ya chumba. Wa kwanza kumjia akilini alikuwa Mama wa Mlimani, maana barua yake alikuwa ameisoma jaridani kama watu wengine. Hapo ilimpasa ashike simu amwambie Bi Mwanaidi, na Bi Mwanaidi angempigia shangazi, na yule mama angeshika watoto wake akahama kabla jua halijatua. Aliishika simu. Akalitafuta jina, akalipata. Kisha akajiambia huenda wezi hawana haja na barua za wanawake. Huenda wanataka fedha tu. Kwa nini amtie mtu hofu bure? Akairudisha simu mezani. Fedha wezi walizitaka kweli, na hawakujibiwa. Basi wakaanza kuyamwaga waliyoyakuta, ili iwe funzo kwa wengine.

Siku ya nne barua za Mkeka zikaanza kuzagaa kwenye simu za watu, na majina ya kweli juu yake. Mji ukacheka. Waliosoma wakawatumia wenzao, na wenzao wakawatumia wengine. Erasto aliingia kila kundi alilomo, akizipitia moja moja, akiomba ile moja isiwemo. Siku hiyo haikuwamo. Kesho yake haikuwamo, akaanza kupumua. Siku ya sita akaikuta, pamoja na jina la kijiji.

Alikwenda kwa Bi Mwanaidi kwa miguu, karibu anakimbia, kofia kaisahau mezani. Akamkuta chumbani kwake, simu sikioni. Simu yake ndogo haikuwa na mtandao, kwa hiyo habari ilimfikia alfajiri ile tu, alipoisoma barua mwenyewe kwenye simu ya jirani. Tangu saa hiyo alikuwa akimpigia shangazi, na simu ilikuwa haipatikani. Hakumkaribisha Erasto wala hakumfukuza. Alimwonyesha kiti kwa mkono. Wakakaa. Akapiga tena, haipatikani. Nje watu waliuza vitunguu, wakacheka mambo yao. Akapiga tena.

Mchana ule shangazi akapokea. Bi Mwanaidi akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akaiweka simu mapajani, akaeleza kwa sauti ya chini.

"Mume alifika leo asubuhi. Majirani walimzuia asimpige. Lakini amemnyakua mtoto mdogo akaondoka naye. Mama mtu ameacha kila kitu, amemfuata mtoto huko huko kwa mume, nyumba ile ile aliyoikimbia."

Erasto akafunika uso. Akalia kama mtoto, na kilio chake hakikumrudisha mtu yeyote. Akaanza kueleza habari za Kisinza na ujumbe wa uongo, habari za fundi, habari za toleo. Yote yalikuwa kweli, na yote yalikuwa yamechelewa. Bi Mwanaidi akamwacha mpaka maneno yakamwishia. Ile kompyuta yake kuukuu haikuwahi kuunganishwa na mtandao hata siku moja, kwa sababu aliogopa. Kila jioni alikuwa akiitia kikapuni, akairudisha nyumbani akiwa ameikumbatia, na watu walimcheka kwa hilo. Hakumwambia Erasto habari hizo. Alimwambia neno moja tu.

"Mimi nilijua kwangu hakuna kufuli, kaka, ndiyo maana miaka sita nilikaa mlangoni."

Basi ninyi mlioketi hapa, wenye sahihi zenu, vyeti vyenu na sifa mlizopigiwa makofi, ninawauliza, na kila mtu ajijibu moyoni: ni nani leo hii amelala kwa amani kwa kuliamini neno lako, ambalo wewe peke yako unajua kwamba si kweli?