Kigoda cha Damari na Zizi la Kobe

Hapo zamani, lakini si zamani ya kusahau majina, katika nchi ya Ugogo kulikuwa na mjane aliyeitwa Damari. Alikuwa na watoto watatu, kigoda kimoja na kobe mmoja. Watoto walikuwa Chilongani, kifungua mimba. Merabu, binti wa pekee. Na Ndahani, kitinda mimba. Kobe aliitwa Karani.

Jina hilo alipewa na marehemu Yoeli, mume wa Damari. Alimwokota shambani baada ya moto wa kuchoma mabua, mwezi uleule aliozaliwa Chilongani, akamleta nyumbani ndani ya kikapu, gamba limeungua upande mmoja. Akamtazama anavyonyoosha shingo huku na huku, akasema, "Huyu ni karani, anatafuta jina langu kwenye daftari la kodi." Jina likaganda. Siku hizo kobe alikuwa sawa na kifuniko cha chungu. Wakati wa hadithi hii, kumbeba kulihitaji mikono miwili na pumzi ya akiba.

Damari na Karani waliishi kwenye tembe ya Yoeli, ng'ambo ya korongo. Nguzo ya kati ya tembe ile ilikuwa na alama nne za shoka, ambazo Yoeli alizikata mwenyewe: tatu za watoto walio hai, na moja ya mtoto aliyekaa siku tisa. Watoto walikuwa wamehamia upande wa pili, wakajenga nyumba tatu, milango mitatu inayotazama uwanja mmoja. Kila mmoja alimwomba mama ahamie kwake. Kila mmoja alijibiwa, "Nitaona."

Ikaja mvua ya siku sita. Paa la tembe ni udongo juu ya miti. Likanywa maji mpaka likachoka. Nusu ya nyumba ikaanguka, nusu ikabaki imeegemea nguzo ya kati. Watoto wakavuka korongo. Chilongani akambeba mama mgongoni, Merabu akabeba vyombo, Ndahani akabeba Karani.

Matope hayajakauka miguuni, ubishi ukaanza.

"Mama analala kwangu," alisema Chilongani. "Mimi ndiye mkubwa."

"Mkeo ananyonyesha mapacha, kaka. Mama atasaidiwa kuoga na nani, na wewe?" alisema Merabu. "Mama analala kwangu."

"Kwangu hakuna mke wala kelele," alisema Ndahani.

"Wala chakula," dada yake akamalizia.

Damari alikaa kwenye kigoda chake akisikiliza. Macho yake yalikuwa yamebaki na mwanga wa kutofautisha mtu na mti tu, lakini masikio yalikuwa mazima. Alijua kwamba akitaja jina moja, amefunga milango miwili. Hakuwa na ujasiri huo. Basi akajificha nyuma ya kobe.

"Nitalala kwanza katika jiko lenu la pamoja," alisema. "Atakayemtuliza Karani, kwake ndiko nitakakoweka kigoda changu. Asipotulia, tunarudi kwetu wote wawili."

"Kwenu wapi, mama? Nyumba imeanguka."

"Imeanguka nusu," alijibu Damari.

Walimjua mama yao. Nusu iliyobaki ilikuwa imejaa maji na kuinama. Mtu akilala chini yake, hana hakika ya kuiona asubuhi.

Na Karani hakutulia. Alipowekwa chini alinyoosha shingo, akapata uelekeo, akaanza safari ya korongo. Wakamrudisha. Akaanza tena. Wakamrudisha. Akaanza tena.

Chilongani akashika panga. Alikata matawi ya migunga tangu alfajiri hadi jua la utosini, akayazungusha katikati ya uwanja, miiba nje na miiba ndani, boma lenye urefu wa kufika kifuani. Mikono yake ilichanika hadi viwikoni. Karani akatiwa ndani. Chilongani akanawa damu, akasema, "Fisi haingii hapa, na chui haingii."

Jioni ile, watu walipokuwa wakikusanya mbuzi, Damari alitoka jikoni akipapasa kwa fimbo. Siku nzima mikono yake ilikuwa haina mahali. Ukutani ilitafuta kishimo cha kuwekea tumbaku, hakikuwepo. Mlangoni ilitafuta kizingiti, hakikuwepo. Alimsikia kobe kwenye miiba: anakwaruza, anakwama, anakwaruza. Akachomeka fimbo chini ya tawi moja, akalinyanyua kidogo. Alijiambia kwamba anataka tu kujua kama Karani angali anaikumbuka njia. Karani akapita chini ya tawi, akaenda. Damari akalishusha tawi, akarudi jikoni kwa kunyata kama mwizi wa kuku.

Asubuhi kobe alikutwa ukingoni mwa korongo. Merabu akacheka hadi akashika kiuno.

"Kaka, umemjengea mbuzi. Boma lako linamzuia arukaye. Huyu amepita chini kama maji."

Chilongani alimtazama mama. Mama aliinamia chungu.

Chilongani alichukua jembe, akachimba mfereji kuzunguka boma lote, kina cha mkono mzima hadi begani. Akashuka korongoni, akabeba mawe, akapanga mawe mfereji mzima, akashindilia udongo juu yake, akarudisha miiba. Siku mbili. Kila jiwe lilipodondoka, Damari alisema moyoni, nitamwambia kesho.

Sasa Karani hakutoka. Lakini alitembea. Alitembea upande wa korongo, akafika pembeni, akageuka, akarudi, akafika pembeni, akageuka. Kwaru, kwaru, kwaru, tangu umande unakauka hadi kuku wanaingia bandani. Mchicha hakula. Maji hakunywa. Gamba la mbele likaanza kumomonyoka. Na jikoni Damari naye alitembea, kutoka mafiga hadi mlangoni, kutoka mlangoni hadi mafiga. Ugali alioletewa na nyumba tatu ulipoa katika sahani tatu.

"Mama, kaa basi," walisema.

"Karani amekaa?" aliuliza.

Merabu ndiye aliyefanya jambo ambalo mtu mzima hafanyi. Aliingia bomani, akalala kifudifudi mavumbini, kidevu chini, macho mahali pa macho ya kobe. Majirani wakapita.

"Merabu, umedondosha nini?"

"Nimedondosha akili. Nikiiona nitawaita."

Akiwa pale chini akaona: kati ya shina la tawi na shina la tawi palikuwa na upenyo, na katika upenyo ule ng'ambo ya korongo ilionekana wazi kama mtu aliyesimama mlangoni. Karani hakuwa mkaidi. Alikuwa anaitwa kila hatua.

Merabu akaponda udongo wa mfinyanzi, akachanganya na mavi ya ng'ombe na mchanga, akasimamisha fito juu ya mawe ya kaka yake, akakandika ukuta mfupi kuzunguka zizi lote, shibiri mbili kwenda juu, kwa viganja vyake. Ukuta ulipokauka Karani alitembea mara moja, akasimama. Akatembea nusu, akasimama. Mwisho akaenda pembeni, akaingiza kichwa, akaingiza miguu.

"Ametulia," alisema Merabu.

"Amejificha," alisema Chilongani.

Siku ya kwanza Karani hakutoa kichwa. Siku ya pili hakutoa kichwa. Jikoni Damari alikuwa amejifunika khanga usoni, ameelekea ukuta. Siku ya tatu aliizungusha khanga kiunoni, akaifunga kwa nguvu. "Kesho asubuhi narudi kwetu," alisema. "Asiyetaka kunivusha, nitatambaa."

Ndahani alikuwa mtu wa kusifiwa kwa kulala tu. Tangu zizi lianze alikuwa ameshika jembe mara moja, kumpa kaka yake. Sasa alichukua kikapu, akavuka korongo, maji yakimfika mapajani. Alivuka mara saba. Mara sita alirudi na udongo wa paa lililoanguka, udongo mweusi kwa moshi wa miaka yote ile, akaumwaga zizini. Mara ya saba alirudi bila kikapu. Begani alikuwa na nguzo ya kati.

Merabu aliiona kwanza. "Ndahani, hiyo nguzo ilikuwa imebeba nini?"

"Ilikuwa imebeba nusu."

"Na sasa?"

"Sasa hakuna nusu."

Damari alitoka jikoni. "Nani alikuambia uing'oe?"

"Hakuna, mama."

"Ungefia humo."

"Na wewe, mama, kesho ungelala wapi?"

Damari alinyoosha mkono, Ndahani akaishusha nguzo mbele yake. Mama akaipapasa kutoka juu, alama ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu ilikuwa fupi, ya yule wa siku tisa. Yoeli alikuwa amelia, akaacha kuikata katikati. Akapapasa ya nne. Kisha akamrudishia, akaingia jikoni, na mchana wote hakuna aliyethubutu kumfuata.

Ndahani akailaza nguzo zizini kama boriti juu ya mawe mawili, akapanga fito, akamwaga udongo juu, ikawa tembe ndogo ya kimo cha goti. Usiku ikaja mvua kubwa, uwanja ukawa mto. Maji yaligonga mawe ya Chilongani yakapita pembeni. Kwa sababu mawe yalisimama, ukuta wa Merabu ulisimama. Kwa sababu ukuta ulisimama, udongo wa Ndahani haukuchukuliwa. Na baada ya siku tano, katika udongo ule, mlenda ukaota. Ulikuwa mlenda uleule uliokuwa ukiota juu ya paa la Yoeli kila masika, na kila upepo ukiudondosha, Karani alikuwa chini anangoja.

Karani akatoa kichwa. Akanyoosha shingo. Akala. Akanywa maji, akala tena, akaingia chini ya nguzo, akakunja miguu kama mtu aliyefika.

Jikoni Damari alimsikia Karani akitafuna. Akavuta sahani iliyokuwa karibu, akala matonge mawili, hakuuliza ni ya nyumba gani.

Watoto wakaja wakasimama mbele yake.

"Mama, Karani ametulia," alisema Chilongani. "Ukuta wa Merabu umesimama juu ya mawe yangu. Bila mawe, mvua ile ingelichukua zizi na kobe wake. Nilichekwa, nikachimba. Kigoda ni changu."

"Mawe yalimfunga, hayakumtuliza," alisema Merabu. "Siku nne alijipondaponda ndani ya kazi ya kaka. Ni mimi niliyelala mavumbini nikauliza anaona nini. Kigoda ni changu."

"Kwenu hakula," alisema Ndahani. "Kwangu amekula. Na wewe pia, mama, umekula."

"Wewe umembomolea mama nyumba," alisema Merabu.

"Ningeiacha imwangukie?"

"Ungeuliza," alisema Chilongani. "Mtu huulizwa kuhusu nyumba yake."

Kisha wakamngoja.

Damari akainuka, kigoda mkono huu, fimbo mkono ule. Kulikuwa na neno moja ambalo hao watatu hawakulijua. Boma la kwanza la Chilongani halikuwa na kasoro. Ile fimbo aliyoishika ndiyo iliyolinyanyua tawi. Akilisema, Merabu ataona aibu ya kicheko chake, na Chilongani atajua kwamba alivunjika mgongo siku mbili kwa uongo wa mama yake, ingawa uongo huo ndio uliozaa mawe yaliyoliokoa zizi. Asipolisema, atalala chini ya paa la mmoja wao akiwa amelilalia. Na ng'ambo ya korongo hapakuwa na nusu tena ya kukimbilia.

Akatembea hadi katikati ya uwanja, akasimama kando ya zizi. Ndani, Karani alikuwa akitafuna taratibu. Mbele, milango mitatu ilikuwa wazi, na katika kila mlango moto ulikuwa umewashwa na kitanda kimetandikwa.

Nanyi mliokaa hapa tangu mwanzo mmesikia yote, hata lile ambalo watoto hawakulisikia. Chilongani aliweka mawe, akabeba na kosa lisilo lake. Merabu aliona kwa macho ya kobe. Ndahani alileta nyumba ya mama, na nyumba hiyohiyo akaivunja. Mama amesimama, kigoda kinamchosha mkono. Je, nani alistahili kigoda kiwekwe mlangoni pake, na mama akishakiweka, aanze kwa kusema neno gani?