Neno Baada ya Ishirini

Wapendwa, nina habari ya mwalimu mmoja, mama wa makamo. Msianze kugeuka na kutazamana, hayumo humu. Na kama yumo, tumwache akae kwa amani mpaka nimalize.

Mwalimu huyu alifundisha shule moja ya milimani, kule ambako ukungu unaingia darasani bila kupiga hodi, na watoto wanaandika huku wakipuliza vidole. Aliwaonea huruma. Akakusanya nyuzi za masweta yaliyochakaa, akawaambia watoto watafute spoki za baiskeli wazinoe kwenye jiwe ziwe sindano, na kila siku baada ya masomo akawafundisha kufuma skafu. Vitanzi ishirini, unafika mwisho wa mstari, unageuza, unaanza tena. Je, ni kazi mbaya hiyo? Ni njema kabisa. Mimi mwenyewe ningempigia makofi.

Sasa, mwalimu alikuwa na mdogo wake wa kike, tumbo moja. Mama yao alipofariki, yule mdogo alichelewa, akafika siku ya tatu baada ya maziko. Dada mtu akasimama katikati ya waombolezaji, akasema, "Na mimi nikifa, huyu asije kunizika." Mnaujua uzito wa maneno hayo. Mtu anaweza kukunyima shamba, ukala na ukalala. Akikukataza kaburi lake, amekutoa kwenye ukoo.

Miaka sita wakaishi vijiji jirani bila salamu. Halafu Jumapili moja mwalimu akasimama kanisani, machozi yanamtoka, akatangaza kwamba amemsamehe mdogo wake. Vigelegele vikapigwa, kwaya ikaimba. Akatuma ujumbe: njoo Jumapili ijayo tule pamoja. Mdogo akajibu, nakuja. Tena binti wa huyo mdogo, mtoto wa miaka tisa, alikuwa kwenye darasa lile la kufuma, na mwalimu alipenda kuwaambia walimu wenzake, "Mnaona? Hata mwanawe namfundisha."

Alhamisi ya wiki ile aliitwa ofisini mara moja. Wakati anarudi, ukungu ulikuwa umefunika uwanja, hata mlango wa darasa hauonekani. Akasikia mtu anahesabu mle ndani. Sauti ya mtu mzima. Akajiuliza, nani huyu kaingia kwa watoto wangu? Akasogea mpaka dirishani, na hapo sauti ile akaitambua. Ilikuwa yake.

Watoto thelathini na nane, vichwa chini, sindano zinakwenda. Walikuwa wanahesabu pamoja, kwa sauti moja ya chini, wakipumzika pale anapopumzika yeye, hata kikohozi chake kidogo cha kwenye kumi wakakikohoa. "Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Asije kunizika." Wakageuza. Wakaanza tena moja. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyemtania mwenzake. Wapendwa, mmeshawahi kuona watoto wengi namna hiyo wameachwa peke yao na hakuna hata mmoja anayecheka?

Akaingia. "Nani kawafundisha maneno hayo?"

"Wewe, mwalimu," akajibu mmoja wa mbele, wala hakuogopa. "Ndiyo hesabu yenyewe. Ukifika ishirini unasema hivyo, ndo unageuza."

"Mimi? Sijawahi kusema kitu kama hicho humu ndani!"

"Unasema polepole. Sisi huwa tunakuangalia mdomo."

Akachukua sindano ili awaonyeshe kuwa wamekosea. Akafumba mdomo akabana meno, akafuma mbele yao. Alipofika ishirini mkono ukasimama. Akataka kugeuza kitambaa, mkono ukagoma. Akarudia mara ya pili, mara ya tatu, jasho linamtoka na baridi yote ile. Mwisho akaisikia midomo yake ikicheza, na ndipo mkono ukageuza. Miaka sita alikuwa amefuma hivyo, kila mstari, na hakujua.

Hapo ndipo akamkumbuka yule binti. Alikuwa ameketi kimya, skafu yake ndefu kuliko za wenzake wote.

"Hii yote umeifumia wapi, mwanangu?"

"Nyumbani, mama mkubwa. Jana. Mama alikuwa anapiga pasi kitenge cha kukuletea Jumapili, mimi nafuma pembeni nahesabu."

"Mama akasemaje?"

"Aliniambia nihesabu tena. Nikahesabu tena. Akakikunja kitenge, akakirudisha kwenye sanduku."

Mwalimu hakungoja kengele. Alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, akamkuta mlangoni.

"Shikamoo, dada," yule mdogo akasema. Heshima hakuiacha, lakini hakusema karibu.

"Mdogo wangu, nisikilize. Nimekusamehe! Nilisimama mbele ya kanisa zima!"

"Kanisani ulisema mara moja, dada. Darasani umesema kila mstari. Siku mwanangu atakapofika mwisho wa mstari akageuza bila kunikataa mimi mama yake, siku hiyo nitakuja."

Ijumaa mwalimu akafumua skafu zote, moja baada ya nyingine, mpaka uzi ukawa rundo sakafuni. Akawaambia watoto, "Tunaanza upya. Tukifika ishirini tunanyamaza, tunageuza." Ni watoto watiifu, wakaanza. Kumi na nane. Kumi na tisa. Ishirini. Darasa likawa kimya. Mwalimu akainua uso amshukuru Mungu, na hapo akawaona. Midomo thelathini na nane ilikuwa inacheza bila sauti, na mmojawapo ni wa yule binti.

Jumapili alipika, akapanga sahani mbili. Chakula kikapoa mezani.

Mnanitazama hivyo kwa nini? Mnamwonea huruma mwalimu? Jioneeni huruma ninyi wenyewe. Sisi ndio tunaosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, halafu tunadhani malezi ni yale tunayosema kwa sauti, tukiwa tumeketi vizuri na kidole kimenyooshwa. Watoto hawasubiri kidole. Wanachukua yale tunayonong'ona tukisonga ugali, tukifunga kamba za viatu, tukiona namba ya ndugu fulani kwenye simu na kuiacha iite. Uzi ukikosea unaufumua. Mtoto utamfumua vipi? Niambieni, maana mimi sijui, na nina watoto wanne.

Basi mkitoka hapa leo, msikimbilie kuingia ndani. Simameni kidogo nyuma ya nyumba, pale watoto wanapocheza baba na mama. Mmoja atakuwa amejifunga kanga yako, mwingine amevaa viatu vyako. Msiwakatize. Msikilizeni huyo anayejifanya ni wewe: anamtaja nani, na anamtaja kwa sauti gani? Kisha mfuate mtu huyo leo hii, kwa miguu yako mwenyewe, maana mtoto akikutangulia kwake, hutakuwa na la kumwambia.