Siku Tano, Zikachezwa Mbili

Mniwie radhi mapema: hadithi hii nitaivuruga. Nimeshaisimulia mara arobaini, na mara zote nimeivuruga, tena kwa bidii. Sogeeni.

Kisiwa cha Mbwenda kilikuwa na watu watatu wenye vipaji. Nargis, mwandishi wa ratiba, hakuwahi kukosea hata nukta. Mwinyikai, mtunza uwanja, akikanyaga nyasi pekupeku alijua zinataka nini. Na Dilawar, mwamuzi, aliona giza kabla halijaingia.

Mwaka huo Mbwenda ikacheza Testi, ile kriketi ya mataifa ya siku tano, kwa mara ya kwanza. Jioni ya siku ya pili wageni walishawabana wenyeji vibaya: imebaki jozi ya mwisho ya wapigaji, na mmoja mguu una bandeji. Mpira mmoja mzuri, kwisha habari.

Siku ya tatu hawakucheza. Ratiba ilisema mapumziko. Siku ya nne hawakucheza. Uwanja ulikuwa chepechepe. Siku ya tano hawakucheza. Mwamuzi alisema mwanga hautoshi. Na Testi isiyokwisha ndani ya siku tano haina mshindi: sare. Wageni wakapanda ndege wakihesabu siku kwa vidole, na haziji tano.

Klabu ilikuwa imeahidi zawadi moja kwa atakayeinusuru mechi: kiti cha maisha, kivulini, safu ya mbele, jirani na birika la chai. Si kitu cha kukalia watatu. Dilawar peke yake angekijaza.

Wa kukitoa alikuwa Bi Shemsa, mkuu wa klabu. Sare aliifurahia kama kila mtu, ila kuna jambo lilimkereketa. Wadai wote watatu walifika kwake juu ya pikipiki moja, kisha wakaapa kwamba hawajuani sana.

"Nargis, zamani siku ya mapumziko ilikuwa nje ya zile tano. Wewe umeitia ndani."

"Dada, wageni walisaini wenyewe. Bila siku yangu, mechi ilikuwa imekwisha asubuhi ya tatu. Kiti changu."

"Mwinyikai, mvua ilinyesha?"

"Haikunyesha, Bi Mkubwa."

"Maji yalitoka wapi?"

"Nilikuwa naosha turubai la kufunikia uwanja. Wageni wakute turubai chafu, nyuso tutazificha wapi? Na bila siku yangu, hiyo ya Nargis ingefaa nini?"

"Dilawar. Giza, saa nne asubuhi?"

"Nilipima kwa macho yangu."

"Yakiwa nyuma ya miwani ya jua."

"Jua lilikuwa kali mno, Bi Shemsa. Hawa wenzangu walichelewesha msiba tu. Mimi ndiye niliyeuzuia."

Bi Shemsa akawatazama mmoja mmoja. Ondoa siku ya yeyote kati yao, Mbwenda imefungwa. Walipanga? Kama walipanga, mbona wanagombana? Au hata ugomvi wenyewe umepangwa? Kichwa kikamuuma. Akaamua kila atakayeisikia habari hii aulizwe, na siku wasikilizaji wote watakapokubaliana, kiti kitolewe. Kwa sasa kilindwe na mtu asiye na upande, akikalie kisiibwe.

Basi niambieni: aliyeanza, aliyefuata, au aliyemaliza? Wewe ungemkalisha nani? Bishaneni taratibu, msiharakishe kukubaliana. Mlinzi wa kiti ni mimi, na chai ya pale ni tamu.