Kibuyu Kilichosahihisha Kazi za Watoto

Paukwa!

Pakawa.

Mnaitikia kinyonge namna hiyo, hamjala? Paukwa!

Pakawa!

Haya, hapo sawa. Sogeeni. Na wewe mwenye simu, iweke chini kidogo, haitakimbia.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na shule yao, palikuwa na mwalimu mmoja, Bi Nungunungu. Alifundisha somo moja tu, somo la nyayo. Mtoto wa mnyama asiyejua nyayo ataliwa, hilo halina mjadala. Basi kila asubuhi, kabla ya masomo, watoto walitakiwa waende bwawani, wainame kwenye matope, watazame nani kapita, wachore kwenye jani la mgomba, walete darasani. Watoto walikuwa arobaini. Bi Nungunungu aliyasoma majani yote arobaini, moja moja. Alisahihisha kwa mwiba wa mgongoni mwake mwenyewe. Mwiba ukiwa butu anang'oa mwingine, nyo! Anafumba macho, anavuta pumzi, anaendelea na kazi.

Mkuu wa shule alikuwa Ngiri. Sasa huyu Ngiri alikuwa mtu wa mambo mapya. Akisikia kitu kimeingia pori la jirani, hana raha mpaka akipate na yeye. Siku moja akaja amebeba kibuyu. Akaeleza kwamba kibuyu kile kimening'inia njia panda miaka na miaka, na kila mnyama aliyepita akipiga soga pale, chenyewe kinameza maneno. Sasa kimejaa hadi shingoni, ukikiuliza kinajibu. Akakiuliza mbele ya shule nzima na wazazi ni nani hupita bwawani. Kibuyu kikaguna, bu-bu-bu-bu, kikasema, "Pundamilia watatu, kongoni mmoja, na kanga na vifaranga wake."

Sauti nzuri, nzito, haina wasiwasi hata kidogo. Wanyama wakapiga makofi. Bi Nungunungu hakupiga. Aliuliza jambo moja tu, kibuyu hiki kilifika lini bwawani, maana yeye hakioni miguu. Ngiri akamwambia asilete ushamba mbele ya wazazi, akakitundika kibuyu mlangoni mwa darasa, kila mtoto akiulize.

Kesho yake Bi Nungunungu akachukua jani la kwanza. Pundamilia watatu, kongoni mmoja, kanga na vifaranga wake. Akachukua la pili. Pundamilia watatu, kongoni mmoja, kanga na vifaranga wake. La tatu, yaleyale. Akaruka hadi la ishirini. Jamani, pundamilia walewale, na kanga yuleyule na vifaranga wake.

Akamwita Pimbi, mtoto wa kule kwenye mawe, ambaye jani lake lilichorwa vizuri kuliko yote. Akamtazama miguu. Mikavu, ina vumbi. Akamuuliza amefika bwawani saa ngapi, Pimbi akasema alfajiri. Akamuuliza matope yako wapi, Pimbi akasema amenawa.

"Umenawa wapi?"

"Bwawani, mwalimu."

"Ukatokaje bwawani bila kukanyaga matope?"

Pimbi akatazama juu. Akatazama chini.

Jani moja tu halikufanana na mengine. Lilikuwa la Mize, binti wa digidigi, mdogo kuliko wote darasani. Lilikuwa chafu, michoro imepinda, na Mize mwenyewe alikuwa na matope hadi magotini. Pundamilia wake walikuwa wawili. Kanga wake hakuwa na kifaranga hata mmoja. Bi Nungunungu akamwekea alama ya vyema, na siku ile moyo wake ukatulia kidogo.

Akaenda kwa Ngiri kulalamika. Ngiri akamwambia dunia inakwenda mbele. Akaenda kwa wazazi. Wazazi wakashangaa, watoto wanapata vizuri, sasa mwalimu analia nini? Akarudi darasani. Kila siku majani thelathini na tisa yaleyale. Kila siku anang'oa mwiba, nyo! Anang'oa mwingine, nyo! Anasahihisha kitu ambacho hakuna mtoto aliyekifikiria. Mgongo ukaanza kuonyesha ngozi. Mnajua, kuna kuchoka kwa kazi, na kuna kuchoka kwa kufanywa mjinga. Huku kwa pili hakuondoki kwa kulala.

Ngiri akamwona alivyokonda, akamwambia, "Wao wanakitumia. Wewe unajitesa kwa nini? Kipe kibuyu nacho kisahihishe."

Na Bi Nungunungu, kwa hasira tu, akasema, "Haya."

Hapo mimi natamani nimshike nimtikise, ila ana miiba. Mama wewe, uliyeuliza habari ya miguu, uliyemkagua Pimbi vidole, leo unakubali? Akakubali. Jani likapitishwa mbele ya mdomo wa kibuyu. Bu-bu-bu, sahihi. La pili, bu-bu-bu, sahihi. Kibuyu kinasoma maneno ya kibuyu, kinajipa alama, kinajipongeza. Mwalimu amekaa pembeni anatafuna mizizi, anachora alama anazoambiwa.

Likafika jani la Mize. Mize alikuwa amechora unyayo mpya. Mviringo, vidole vinne, mbele hakuna alama ya kucha. Kibuyu kikaguna, "Kosa. Bwawani hupita pundamilia watatu, kongoni mmoja, na kanga na vifaranga wake."

Bi Nungunungu hakuinua hata macho. Akachora kosa. Mize akaja mezani, akasema kwa sauti ndogo kwamba ameuona mwenyewe. Mwalimu akamwambia akakae, kibuyu kimeshasema.

Siku ya pili Mize akachora unyayo uleule, safari hii mkubwa, na kila kidole peke yake. Kibuyu kikasema kosa. Mwalimu akachora kosa, na watoto wakacheka.

Siku ya tatu Mize alichora pundamilia watatu, kongoni mmoja, na kanga na vifaranga wake. Kibuyu kikasema sahihi. Majani arobaini, sahihi arobaini. Na Bi Nungunungu, niwaambieni ukweli, alishusha pumzi. Aliona afadhali, leo hakuna usumbufu.

Siku ya nne asubuhi Mize alikwenda bwawani na mama yake. Mama digidigi akasimama juu ya ukingo, akamwambia binti yake atangulie kutazama, yeye ndiye msomi wa nyayo. Mize akainama kwenye matope. Akatazama sana. Akainuka, akamwambia mama yake wamepita pundamilia, kongoni na kanga. Mama akashuka. Akainamisha shingo anywe. Nyasi zikasema shwaa, na chui alikuwa keshafika.

Mize alijitupa majini, chubwi! Akavuka, akatokea upande wa pili, akakimbia hadi shuleni amelowa. Mama yake hakurudi.

Shule nzima ikakusanyika. Bi Nungunungu akapiga magoti mbele ya Mize, akamshika mabega.

"Nyayo zilikuwepo?"

"Zilikuwepo, mwalimu."

"Za vidole vinne, bila kucha?"

"Ndiyo."

"Uliziona, Mize. Sasa kwa nini hukumwambia mama?"

"Uliniwekea kosa mara mbili," Mize akasema. "Nikajua macho yangu ndiyo mabaya."

Bi Nungunungu akayaachia mabega ya Mize. Miiba yote iliyobaki mgongoni ilimsimama, na hapakuwa na adui wa kuichomea.

Ngiri akakohoa. Akasema ni msiba mkubwa, pole sana, lakini dawa yake ni rahisi, kibuyu kiambiwe habari hii. Akakiinamia mwenyewe, akakiambia. Kibuyu kikaguna, kikasema, "Bwawani hupita pundamilia watatu, kongoni mmoja, kanga na vifaranga wake, na chui." Ngiri akawageukia wanyama, akasema si mnaona, kimejifunza. Hata mama wa watu hajazikwa! Wiki nzima kibuyu kilisema chui kila siku, chui awepo asiwepo, na watoto thelathini na tisa walichora chui kila siku, miguu mikavu.

Wiki ilipokwisha, Bi Nungunungu akakipeleka kibuyu nyuma ya darasa. Hakukivunja. Kibuyu hakikumwambia mtu kwamba kina macho. Ni yeye mwenye macho aliyeyafumba. Akatafuta kwenye rundo majani mawili ya Mize. Alama ya mwiba kwenye jani ni tundu, haifutiki. Akang'oa mwiba mpya, akaandika pembeni yake, mbele ya watoto wote na mbele ya Ngiri, kwamba aliyekosea hapa ni mwalimu.

Tangu siku ile aliwapeleka bwawani mwenyewe, wote arobaini, na Pimbi ndiye aliyesukumwa mbele hadi matope yakamfika tumboni. Wakirudi wanachora. Wakishachora, ndipo anayetaka anakwenda kukiuliza kibuyu, na anarudi kueleza kimekosea wapi. Na majani yote aliyasoma yeye, moja moja, nyo, nyo, mpaka mgongo ukawa hauna kitu.

Na Mize akawa mjuzi wa nyayo kuliko mwalimu wake, pori zima linamjua. Lakini kila alipoona unyayo, hata alipokuwa mtu mzima na watoto wake, alisimama kwanza, akageuka nyuma, akamuuliza aliye karibu, "Na wewe unauona?"

Mmenisikia? Basi shikeni hili. Mwanafunzi, usilete jibu la kitu ambacho hukukitazama. Na mwalimu, kazi ya mtoto isome mwenyewe, kwa macho yako, kwa sababu ukimwambia mtoto amekosea, anakuamini.

Hadithi yangu inakomea hapo. Kama ni tamu gawaneni, kama ni chungu nimeionja kabla yenu.