Feruzi na Dohani ya Sultani Hamduni

Palikuwa na Sultani, jina lake Hamduni, kichwa kigumu kama jiwe la kusagia, na anayebisha aje asimulie yeye. Jikoni kwake kulikuwa na dohani, lile bomba la mawe la kutolea moshi, refu kupita nyumba yoyote mjini. Na moto wa jiko lile haukuzimwa hata siku moja. Ndiyo mila ya ukoo wao: moto huzimwa siku Sultani anapokufa, basi. Moshi ukikatika juu ya paa, mji mzima unajua, haya, twendeni tukazike.

Sasa fikirieni dohani isiyofagiwa tangu enzi ya babu yake! Masizi yamejazana, moshi umekosa njia, unarudi ndani. Pilau inanuka moshi. Wake wa Sultani wanakohoa kwa zamu. Na juu kule cheche zimeanza kushika masizi. Siku yoyote jumba lingewaka.

Akaitwa Feruzi, fundi wa kufagia dohani. Maskini wa kutupwa, ila mdomo! Mdomo ule ungepimwa kwa pishi, ghala lisingetosha.

"Ingia ufagie," akasema Sultani.

"Moto uzimwe kwanza, Mtukufu. Dohani ipoe."

"Hauzimwi. Ingia hivyo hivyo."

"Bwana wangu, mimi ni fundi, si mshikaki."

"Aliyekutangulia mbona aliingia?"

"Nimemwona. Alitoka mbio hajafagia kitu, na mpaka leo anatembea kama kuku aliyekanyaga makaa."

"Basi chagua. Uingie, au Marjani akukate kichwa."

Marjani, mshika upanga wa Sultani, akajikohoza kidogo ili aonekane.

Feruzi akakuna kisogo. "Nitafagia, Mtukufu. Ila nisisimamiwe. Mtu akinitazama mkono unatetemeka."

"Kalale na mkono wako! Nikiamka usingizi wa mchana nataka dohani safi."

Feruzi akaingia jikoni, akawatoa wapishi, akafunga mlango. Nyie mngefanya nini? Mngeingia muungue? Yeye akaumwagia moto mchanga mpaka ukafa kabisa. Akaweka kiganja kwenye mawe. Ya moto. Akakaa kitako, akala ukoko wa pilau ya wenyewe, akapima tena. Mawe yalipopoa sawasawa, akaziba mdomo wa jiko kwa gunia bichi, akajifunga kitambaa puani. Akapanda paani kwa ngazi, akajifunga kamba kiunoni, akateremsha ufagio wa makuti wenye jiwe zito chini yake. Juu, chini, juu, chini. Masizi yakaporomoka kama mvua ya masika, na mwenyewe anapiga mluzi!

Huko nje sasa, balaa. Watu wametazama paa: moshi hamna! Kilio kikapanda. Waosha maiti wakaja mbio na kafuri na ubani. Vijana wa msikitini wakabeba jeneza. Wanawake mikono kichwani. Sultani akakurupuka usingizini, akatoka na kikoi, nywele timtimu.

"Mnamlilia nani?"

"Wewe, Mtukufu," akajibu mzee mmoja, akaendelea kulia.

Sultani akainua macho, akamwona Feruzi juu ya paa, masizi mwili mzima, meno tu ndiyo yanayoonekana. Hasira ikampanda mpaka masikio yakacheza. Feruzi akashushwa, akapigishwa magoti uani mbele ya umati.

"Umezima moto! Marjani, kata!"

Upanga ukapanda juu.

"Ngoja, kaka," akasema Feruzi. "Mtukufu, dohani safi, si safi?"

"Safi! Lakini umezima moto!"

"Na moto ukizimwa inakuwaje?"

"Sultani amekufa! Ndiyo mila!"

"Labda mila imekosea. Mbona nakuona unapumua?"

"Mila yetu haikosei! Haikukosea kwa babu, haikukosea kwa baba!"

"Hata leo?"

"Hata leo!" akanguruma Sultani, mji mzima ukamsikia.

Feruzi akajifuta masizi mdomoni, akamgeukia mshika upanga.

"Basi weka upanga chini, kaka Marjani, shika jeneza upande ule. Marehemu ana maneno mengi, tumzike kabla jua halijatua."