Kisutu cha Bi Siwema

Sogeeni karibu, na mwenye haya azivue kama viatu, aziache mlangoni. Hadithi hii ni ya mambo ya wanawake, lakini wanaume msiondoke, maana nanyi mna mama zenu. Nusu yake ninayo mimi. Nusu nyingine mnayo ninyi, na nikimaliza yangu nitaidai yenu.

Walikuwepo wanawake watatu. Wa kwanza, Bi Mwanakombo, mkazi wa makao ya wazee nje kidogo ya mji wa Tanga, alijaliwa jicho. Sindano ikidondoka uani, yeye huiona akiwa kitandani. Wa pili, Hidaya, muuza vitambaa sokoni, alijaliwa mdomo. Neno likimjia hulisema, awe mbele ya muuza ndizi au mbele ya kadhi. Wa tatu, Nakiete, Mpare kutoka Same, mhudumu wa makao yale, alijaliwa mkono. Humgeuza mgonjwa kitandani na mgonjwa asijue kageuzwa saa ngapi.

Na alikuwepo wa nne, Bi Siwema, ndiye mwenye hadithi. Huyu alijaliwa shaka. Ukimpa maji atakuuliza yametoka mtungi upi. Ukimjulia hali mara mbili kwa siku moja, atakaa akiwaza unataka nini kwake.

Bi Siwema alikulia Pangani, na kwao msichana akivunja ungo alikabidhiwa kwa somo, mwanamke wa kumfunda mambo ya mwili. Hakuwa mama mzazi, kwa kuwa mama huonewa haya. Somo ni mmoja tu, na habari za huko chini huambiwa yeye peke yake mpaka kufa. Somo yake Bi Siwema alimfunika kisutu, kanga ya heshima ya wari, siku ya kumtoa nje, akamwambia: nikitangulia mimi, chagua mwingine, umpe kisutu hiki hiki. Somo akafa zamani. Kisutu kikabaki sandukuni, kwa sababu kila mwanamke aliyemfikiria, Bi Siwema alimwona ama ana mdomo mpana, ama ana jicho baya, ama anaitamani nguo yenyewe.

Basi hedhi ilipokatika, mambo yakageuka. Ukavu, muwasho, mkojo wa kuunguza kama umetiwa pilipili, na maradhi ya mkojo yakawa hayaishi, leo kapona, kesho yamerudi. Akavumilia miaka akidhani ndivyo uzee ulivyo. Mwishowe daktari mmoja wa mjini, mwanamke, akampa krimu ya tyubu ya kupaka ndani, mara mbili kwa wiki, akamwonya asiiache akiona nafuu, maana nafuu yenyewe ndiyo hiyo dawa. Bi Siwema akafunga uzi mwekundu shingoni mwa tyubu, akaificha chini ya kanga zake, na hakumwambia mtu. Akawa anakojoa kwa raha na kulala usingizi wake.

Kisha akaanguka, nyonga ikavunjika. Mwanawe Mbaraka akasema nyumba yao ina ngazi nyingi, akamleta makaoni. Bi Siwema aliamini maneno yale ni ya mkamwana wake, Hidaya, yamepitia tu kinywani mwa Mbaraka.

Siku ya kwanza mizigo ikafunguliwa, dawa zote zikachukuliwa. Utaratibu wa pale ni kwamba dawa humezwa mezani pamoja na uji, wanawake kwa wanaume, Matroni, mkuu wa makao, amesimama. Asubuhi vidonge vya presha vikaja. Tyubu haikuja. Angeiulizia vipi pale, Mzee Kipande, mkazi mwenzake, yuko ubavuni mwake analamba kijiko? Akanyamaza, akaanza kutafuta mwizi.

Alimshuku kwanza Bi Mwanakombo, ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha kwake, kwa kuwa siku ile sanduku lilipofunguliwa macho ya bibi yule hayakutoka sandukuni. Akamshuku Nakiete, kwa sababu alitabasamu mno, na mtu hatabasamu hivyo bure. Lakini zaidi ya wote alimshuku Hidaya. Aliona wazi kabisa kwamba mkamwana wake ndiye aliyewaambia wamnyime, augue, afe, wapumzike naye. Hidaya alipoleta mikate ya kumimina, Bi Siwema aliigawa yote, akasubiri kuona nani ataumwa tumbo. Hakuumwa mtu, na hilo pia akalitilia shaka.

Miezi ikapita, maradhi yakarudi yote kwa pamoja. Akawa anakaa upande upande kwenye kiti. Akawa analowesha shuka. Walimpa dawa ya mkojo akapona, wiki mbili tatu yakaanza upya. Halafu homa ikampanda, maneno yakamchanganyika, akawa anamwita Nakiete kwa jina la marehemu mama yake. Matroni akasema huo ni uzee, akili zimeanza kuondoka, na bibi wa namna hiyo mahali pake ni chumba cha nyuma.

Chumba cha nyuma, wenzangu, kilikuwa na komeo upande wa nje. Aliyeingizwa kule hakurudi kula mezani na wenzake. Hata Bi Siwema, homa ikimpungua kidogo, alikielewa chumba kile kuliko alivyoelewa kitu kingine chochote, akawa anaogopa hasa. Matroni akaita jamaa zake: ama aende nyuma, ama wamrudishe kwao.

Sasa sikilizeni walichofanya wale watatu. Bi Siwema mwenyewe alikuja kuyajua baadaye, kipande kwa kipande, na kila kipande alikigeuza pande zote kabla ya kukiamini.

Bi Mwanakombo alitumia jicho. Pale makaoni kila Ijumaa baada ya kuoga, wazee huketi barazani wakichuliwa magoti. Dawa za kuchulia zote hukaa kapu moja, na humo huchota mhudumu yeyote, moja ikiisha anashika nyingine. Ijumaa moja Bi Mwanakombo akatazama goti la Mzee Kipande likipakwa krimu nyeupe, Mzee Kipande anasifu dawa ile kwamba inamlainisha kama samli. Kwenye shingo ya tyubu palikuwa na uzi mwekundu. Bibi yule aliukumbuka uzi ule tangu siku ya sanduku. Akakumbuka na jinsi jirani yake anavyokaa upande upande, akajumlisha. Lakini naye ni mtu wa pwani, asingeweza kutamka neno lile mbele ya wanaume. Mwishowe akajifanya anatafuta dawa ya kiuno chake, akaichomoa tyubu kapuni, akaitia kifuani. Siku ya jamaa kuitwa akamvuta Hidaya pembeni ya tangi la maji, akamtilia tyubu mkononi na kumwambia ni ya nini na ilikuwa ikipakwa wapi.

Hidaya alitumia mdomo. Mnajua mkamwana na mama mkwe: hawataji hata nguo ya ndani iliyoanikwa kamba moja. Tena ofisini mle alikuwemo Mbaraka, na daktari mwingine wa kike, anayepita makaoni kila mwezi, na Matroni. Hidaya akaiweka tyubu mezani.

"Mama mkwe wangu hana wazimu," akasema. "Anaungua huko chini. Dawa yake ya uke mmewapaka watu magoti."

Mbaraka akainamisha kichwa akatazama sakafu. Matroni akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe, bibi wa umri ule, mume hana, dawa kama ile ya nini.

"Si ya mume," daktari akamjibu. "Ni ya kukojoa bila kulia."

Akaeleza kwamba ukavu ule haukomi kwa sababu mtu amezeeka, bali huzidi, na ndio unaofungua mlango wa maradhi ya mkojo, na maradhi ya mkojo kwa mzee hupanda mpaka kichwani. Akasema homa itibiwe kwanza, krimu irudi na iendelee, na safari ya chumba cha nyuma isubiri kwanza.

Nakiete alitumia mkono. Maana ninyi mnadhani mambo yameisha, na hayajaisha. Homa ilishuka, tyubu mpya ikaja, na Bi Siwema akakataa. Mikono yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka, na nyonga haikumruhusu kujikunja. Alimfukuza muuguzi wa kwanza, akamrushia wa pili kikombe. Daktari alisema bila dawa ile watarudi palepale, na Matroni alikuwa bado hajaliondoa jina lake kwenye chumba cha nyuma. Nakiete akaingia, akafunga mlango, akaketi chini sakafuni asimtazame usoni.

"Bibi, aliyeitia tyubu yako kwenye kapu la magoti ni mimi," akasema. "Niliona ni ya kupaka, nikajua ni ya kuchua. Sikuuliza."

Bi Siwema hakuwahi kuambiwa kosa na mtu ambaye hajabanwa. Likamshangaza, akajilaza chali. Nakiete akamfunika kanga mpaka kifuani, akageuza uso wake mwenyewe ukutani, akawa anamsimulia mvua za Same zinavyochelewa, na mkono wake ukapita chini ya kanga, ukafanya kazi yake, ukatoka. Bi Siwema alikuwa bado anasubiri kuanza kuona aibu. Tangu hapo, mara mbili kila wiki, ni Nakiete, na hakuna mhudumu mwenzake aliyewahi kusikia hata neno.

Bi Siwema akapona. Akili ikarudi, shuka zikawa kavu, akawa anakaa kitini na makalio yote mawili. Matroni akafuta habari ya chumba cha nyuma. Asubuhi moja Bi Siwema akaagiza sanduku lifunguliwe, akakitoa kisutu, akakikunja mapajani. Akawaita wote watatu waje kunywa kahawa barazani.

Na hapo shaka yake ikaamka nayo, imepona kama mwenyewe.

Akamtazama Bi Mwanakombo. Jicho lile lilimwokoa. Lakini kwa kinywa chake bibi huyu alikiri kwamba aliiona tyubu Ijumaa mbili kabla hajaichomoa. Ijumaa mbili jirani yake anaungua, yeye amenyamaza. Alisema aliona haya. Huenda. Lakini kitanda cha Bi Siwema ndicho cha dirishani, na angepelekwa nyuma, kingekuwa cha nani?

Akamtazama Hidaya. Mdomo ule ulimwokoa. Lakini ulimvua nguo mbele ya mwanawe, na tangu siku ile Mbaraka akija huketi mbali kidogo, anazungumzia hali ya hewa. Tena Matroni alikuwa amesema ama nyuma, ama nyumbani. Hidaya alisema alimtetea mama yake. Huenda. Au alijitetea yeye, asirudishiwe mzigo?

Akamtazama Nakiete. Mkono ule ulimwokoa. Lakini mkono ule ule ndio uliomtumbukiza. Alisema alikiri kwa sababu dhamiri ilimuuma. Huenda. Lakini kosa lilikuwa limekwisha kujulikana, na mhudumu anayetafutwa ni afadhali ajitokeze kabla hajatajwa.

Wao watatu wakanywa kahawa. Hakuna aliyekitazama kisutu, na Bi Siwema alilijua hilo pia kuwa ni namna ya kukitazama.

Bi Mwanakombo akatua kikombe. Akasema, "Siwema, mpe umtakaye. Ila mpe leo. Wewe na mimi hatuna muda wa kushuku sana."

Basi wenzangu, msiniambie akichane vipande vitatu. Kisutu kilichochanwa ni matambara, na somo ni mmoja. Atakayekipata ndiye atakayeambiwa yote ya huko chini mpaka siku ya mwisho. Ndiye atakayehakikisha dawa haikatiki tena, akili za Bi Siwema zikiwepo au zikiondoka kweli. Na msiniambie asimpe mtu, akilaze tena sandukuni. Alikilaza miaka yote hiyo, na ndiyo maana tyubu yake ilipopotea hakuwa na mtu hata mmoja wa kumwambia.

Bi Siwema ameshika kisutu kwa mikono miwili. Mbele yake jicho lililochelewa, mdomo uliomwaibisha, na mkono uliokosea. Angekosa mmoja wao, sasa hivi angekuwa nyuma ya komeo. Kahawa inapoa, na wewe uliyenisikiliza kimya muda wote huu unaye mama, au bibi, au utazeeka mwenyewe.

Nusu yangu nimeimaliza. Je, wewe ungeamua vipi?